Mtoto Ana Sukari

Justa alikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba, na sanduku moja la bati na mume ambaye kwao hawakumtaka. Wazazi wake kule Muleba walitaka Mhaya mwenzao, Mkatoliki, mwenye kibanja cha migomba. Mihayo alikuwa Mkatoliki tu. Msukuma wa Magu, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mkimya mpaka anakera. Wakapanga chumba Kirumba, ukuta mmoja na changu, ua mmoja, choo kimoja. Ndivyo nilivyompata jirani.

Mimi ni Bernadeta, Mkerewe, na nasema mapema kabisa: mdomo wangu hauna breki. Wauza samaki wa Mwaloni nimegombana nao wote, wengine mara mbili. Lakini Justa huwezi kugombana naye. Ukimfokea anakutazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni wewe, na unajikuta umenyamaza. Aliniita dada kwa sababu nilimzidi umri. Kila asubuhi kabla hajabeba ungo wake wa dagaa kwenda sokoni alikuwa akigonga ukuta: "Dada Bernadeta, umeamkaje?" Namjibu kwa kero, eti ananikatiza usingizi. Siku asipogonga nakasirika zaidi.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Kija, msichana, mweusi wa kung'aa, mbishi balaa. Mwaka themanini na mbili, akiwa na miaka minne, akaanza kunywa maji. Sisemi kunywa maji kama mtoto aliyetoka kucheza. Alikuwa anamaliza ya mtungini, akiyakosa anakunywa ya kuoshea vyombo. Anakojoa mpaka godoro likaoza. Na anakonda, gauni lake la Pasaka likawa linaning'inia tu mabegani. Siku moja nikaona sisimizi wamejipanga pale uani alipochuchumaa kukojoa, nikapiga kelele: "Mama Kija, njoo uone maajabu! Mkojo wa mwanao una nini?" Tukasimama wawili tunawatazama wale wadudu wanavyokuja mbio.

Jumapili iliyofuata Kija akazimia. Tulimbeba kwa zamu mpaka hospitali kubwa kule kilimani, Mihayo mbele, sisi nyuma tunalia. Akachomwa sindano, akawekewa maji, akalala siku mbili. Alipofumbua macho ndipo daktari akamwita Justa, nami nikajipenyeza nyuma yake. Akasema, "Mama, mtoto ana sukari."

Justa akamkodolea macho. "Sukari ipi, daktari? Sisi tuna miezi mitatu sukari hatujaitia machoni!"

Wauguzi wakacheka. Daktari hakucheka. Akaeleza polepole kwamba si sukari ya dukani. Mwili wa Kija umeshindwa kuitumia sukari inayotoka kwenye chakula chochote, ugali, ndizi, viazi, kwa hiyo inajaa kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo. Dawa yake ni sindano ya insulini kila asubuhi. Justa akauliza mpaka lini. Akaambiwa maisha yake yote. Loo! Nilimwona yule mama akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Basi ndiyo yakawa maisha. Kukicha tu Justa anawasha jiko la mkaa, anachemsha sindano ya kioo kwenye kisufuria chake ambacho hakikupikiwa kingine. Ncha ya sindano ikiwa butu anainoa kwenye jiwe, taratibu, huku ameuma mdomo. Halafu anakinga mkojo wa Kija, anadondoshea matone kwenye dawa ya bluu ndani ya kichupa chembamba, anachemsha. Ikibaki bluu tunashukuru. Ikigeuka rangi ya tofali tunajua siku imeharibika. Mimi nilikuwa natoka chumbani sijapiga hata mswaki, nauliza, "Leo rangi gani?" Chupa za dawa zilitakiwa zikae mahali pa baridi, na jokofu pale Kirumba nani alikuwa nalo? Akazifunga kwenye kitambaa, akazifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya mtungi, chini ya kitanda.

Kija naye alikuwa na sheria zake. Huchomi kabla hajahesabu mpaka tatu. Sasa mtoto anahesabu, "Moja... mbili... mbili na nusu... mbili na robo..." Justa anangoja, anacheka, machozi yanamlengalenga. Kisha sindano, kisha papo hapo uji. Hilo daktari alilisisitiza kuliko yote: sindano inashusha sukari, kwa hiyo mtoto lazima ale mara moja. Asipokula, sukari itashuka kupita kiasi, atatetemeka, atazimia, na kufa si mbali.

Na yote hayo ilikuwa siri. Justa aliniapisha. Kwa kina Mihayo kule Magu aliwaambia mtoto ana homa za mara kwa mara, kwa sababu mama mkwe alishasema mjukuu akizidiwa apelekwe kwake, kuna mtaalamu wa miti shamba. Justa alijua akimtoa Kija wiki moja tu bila sindano, wataleta maiti. "Dada Bernadeta," akaniambia, "neno hili liishie kwako." Nikamwambia we, mimi kaburi.

Kaburi! Hebu nicheke.

Mwaka uliofuata hali ikawa ngumu, mnakumbuka wenyewe. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, khanga mpaka ujuane na mtu. Sukari ndiyo usiseme. Duka la ushirika likipata mfuko, foleni inaanza alfajiri, watu wanapanga mawe na ndala kushika nafasi. Hapo hapo ikatangazwa vita ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mgambo wakawa wanaingia nyumba hadi nyumba. Nimeona kwa macho yangu mtu na akili zake timamu akimwaga sukari ziwani, Mungu wangu, samaki wanakunywa chai na sisi tunakunywa maji moto.

Jumanne moja nipo kwenye foleni, jua limeshatuwakia, miguu inauma, mzaha umetukolea wanawake wote. Mwenzangu mmoja, Odeta, akaniuliza, "Mbona jirani yako Mama Kija hatumwoni foleni siku hizi?"

Ningeweza kusema ana mgonjwa. Ningeweza kusema sijui. Lakini neno lilinijia mdomoni, nikaliona tamu, nikalitema: "Ah, yule ahangaike na foleni ya nini? Kwao sukari haiishi! Mpaka mtoto ana sukari!"

Nikacheka peke yangu. Odeta hakucheka. Waliokuwa nyuma yetu nao hawakucheka. Nikadhani tu hawajauelewa utani wangu, na wala hawakutakiwa kuuelewa. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, sukari imeishia kwa mtu wa kumi na tisa.

Alhamisi saa moja asubuhi mgambo wakaingia uani kwetu. Wanne, na kamanda wao Kashindye. Kashindye si mtu mbaya, baba wa watoto sita, siku za kawaida alikuwa anatusalimia vizuri tu. Siku hiyo alikuwa amevaa sare na hakusalimia. Mihayo alikwisha kwenda kiwandani. Justa alikuwa ndiyo kwanza amechomoa sindano kwenye paja la Kija, uji unatokota jikoni.

"Ndugu," Kashindye akasema, "tuna habali nyumba hii ina sukali."

Msukuma huyo, ulimi wake haujui r. Siku nyingine ningemtania. Nilisimama mlangoni kwangu, mswaki mkononi.

Wakapekua. Wakamwaga nguo, wakafumua godoro, mmoja akachovya kidole kwenye uji akauonja, akasema hauna kitu. Halafu wakauvuta mtungi kutoka chini ya kitanda. Mchanga! Wakaumimina sakafuni, zikatoka chupa nne zimefungwa kitambaa.

"Haya, na hizi? Kama si za magendo, mnafukia ya nini?"

"Ni dawa ya mtoto," Justa akasema. "Naomba mziweke kwenye baridi. Ni za hospitali."

"Kwa hiyo na dawa za selikali unalangua. Twende ofisini."

"Nakuja, baba, nakuja, lakini mtoto ndiyo kwanza amechomwa. Lazima anywe uji kwanza."

"Atakunywa hukohuko. Hatutakaa muda."

"Dakika tano tu!"

"Mama, watu wamesikia habali zako kwenye foleni. 'Kwao sukali haiishi.' Usitupotezee muda."

Neno langu. Lilelile, kama lilivyotoka kinywani. Justa alikuwa anageuka huku na huku, anamfunga Kija mgongoni, anasema nani amesema, nani kasema hivyo, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilitakiwa kusema, "Kashindye, ni mimi, ulikuwa utani." Nikanyamaza. Msinisukume, sababu nitaisema.

Nilichofanya ni kuwafuata. Nikajipa moyo kwamba wataelewana tu.

Ofisini kwenyewe kulikuwa na benchi, meza, na watu wamejaa mpaka dirishani, maana habari ya kukamatwa mlanguzi ilikuwa sinema ya bure. Tukaambiwa tungoje mwenyekiti wa tawi, yuko mkutanoni. Chupa nne zimepangwa mezani kwenye jua. Justa anazitazama zile chupa, anamtazama mtoto, anazitazama tena.

"Ndugu kamanda, mtoto wangu anaumwa. Ana sukari."

"Ana sukali?"

"Ndiyo, ana sukari."

"Basi mmesikia wote," Kashindye akawaambia watu. "Amekili."

"Si sukari ya kula, jamani! Sukari ya damu!"

Watu wakaangua kicheko. Sukari ya damu! Mzee mmoja akauliza kama hiyo nayo inauzwa kwa kilo. Justa akatoa kadi ya kliniki kifuani. Kashindye akaigeuza juu chini, akaisogeza mwangani. Imeandikwa Kizungu, tena mwandiko wa daktari, hata mwalimu aliyekuwepo pale alishindwa.

"Muhuli naona upo," Kashindye akasema. "Lakini nionyeshe neno sukali liko wapi."

Halikuwepo. Kizungu kina jina lake la ugonjwa ule, sisi wengine tungelijulia wapi?

Saa mbili ikapita. Saa tatu inakaribia. Justa alikuwa ameomba chakula mara tatu, akaambiwa acha visingizio, mwenyekiti anakuja sasa hivi. Mama mmoja dirishani alitaka kumpa Kija kipande cha muhogo, mgambo akamrudisha nyuma, eti mshtakiwa haongei na watu. Mimi nilikuwa pale pale ukutani. Mdomo ule usio na breki ulikuwa umegandamana.

Kija akaanza kupiga miayo. Halafu jasho. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia dirishani, sisi tumejifunika khanga, na mtoto anatiririka jasho kipajini. Justa akamgusa, nikaona uso wake umebadilika.

"Kija. Kija mama. Nitazame. Mimi nani?"

Mtoto akamtazama, akacheka kicheko kisicho chake. "Shangazi," akasema. Midomo inamcheza. Kisha shingo ikalegea, kichwa kikaanguka kifuani.

Justa akaruka wima na mtoto mikononi. "Sukari! Jamani, nipeni sukari! Sukari!"

Halafu mtu akacheka nyuma, na Kashindye akapiga meza kwa kiganja.

"Wewe mwanamke unatuchezea? Tangu asubuhi unasema mtoto ana sukali. Sasa unataka apewe sukali?"

"Sindano imeishusha! Imeisha mwilini! Hajala! Mmenizuia asile!" Alikuwa anapiga kelele, yule Justa ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Anakufa! Kijiko kimoja! Kijiko kimoja tu, nawaangukia miguuni!"

Akapiga magoti kweli. Kashindye akabaki ameduwaa, mkono juu ya meza. Mtu akaleta kipande cha ugali, lakini meno ya Kija yalikuwa yamekaza, ugali ukadondoka. Mikono ikaanza kumkakamaa. Justa akainua uso akatuzungukia mmoja mmoja, wanawake tuliojaa mle ndani na dirishani. Na mimi namjua kila mmoja wao. Nasema haki ya Mungu, nusu ya wale wanawake walikuwa na sukari nyumbani, kwenye kopo la unga, juu ya dari, mahali fulani. Hakuna aliyeondoka. Mgambo wanne wamesimama mlangoni, nani alete sukari mbele yao? Wote wakatazama sakafu.

Sasa sababu yangu. Mimi nilikuwa na sukari. Karibu kilo nzima. Kaka yangu mvuvi aliniletea kutoka ng'ambo, nami nikaifunga kwenye karatasi, nikaishonea ndani ya mto wa kulalia, katikati ya sufi. Ndiyo maana nilinyamaza asubuhi. Ningesema utani ule ni wangu, Kashindye angehamia chumbani kwangu.

Na si hilo tu. Wiki moja kabla ya siku ile, Justa aligonga mlango wangu, akasimama na kikombe kidogo, ana aibu. Daktari alikuwa amemwambia lazima awe na sukari kidogo ndani, mtoto akianza kutetemeka ampe. Foleni haiwezi kwa sababu ya sindano za asubuhi. "Dada Bernadeta, hata vijiko viwili." Nami nikapiga makofi, nikamwambia, "Sukari! Mama Kija, mimi niitoe wapi?" Akaniomba radhi kwa usumbufu. Akaniomba radhi mimi!

Nikakimbia. Sijui niliwasukuma nani pale mlangoni, mgambo mmoja alidaka khanga yangu, nikamwachia. Nikakimbia na gauni la ndani katikati ya barabara ya Kirumba, mtu mzima wa miaka arobaini, watu wanauliza kuna moto wapi. Nikaingia chumbani, nikaukamata mto, mshono ukagoma, nikaona nitachelewa. Nikatoka nao mzima mzima, nauchana kwa meno huku nakimbia, sufi inanifuata njia nzima na kunijaa puani.

Nikaumwaga mto mezani kwa Kashindye. Karatasi ikapasuka, sukari ikatawanyika juu ya kadi ya hospitali, katikati ya zile chupa. Justa alichota kwa mkono, akakoroga na maji kwenye kikombe cha bati cha ofisini, akatia kidole na kumpaka Kija kwenye ufizi, ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Anapaka, anangoja. Anapaka, anangoja. Kashindye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika kichwa cha mtoto, naye anasema kwa Kisukuma maneno ya kumbembeleza.

Sijui ilikuwa muda gani. Mimi niliona mwaka. Kisha koo la Kija likacheza, akameza. Justa akamtilia tone moja la maji yale, akameza tena. Taya likalegea. Akanywa nusu kikombe macho yamefumba, akakohoa, akayafumbua. Akanitazama mimi, nilivyojaa sufi kichwa kizima.

"Mama," akasema, "nani kachinja kuku?"

Watu wakapiga vigelegele na vilio pamoja. Kuna mwanamke alikaa chini palepale akalia kwa sauti. Kashindye akavua kofia, akajifuta uso, akaanza kukusanya zile chupa moja moja, akamwambia mgambo wake alete maji ya baridi na kitambaa, haraka, na mtu akimbilie uji. Halafu akaiona sukari. Nadhani ndipo alipoiona hasa. Akachukua karatasi iliyochanika, akaigeuza.

"Hii ni ya nani?" akauliza taratibu.

"Yangu."

"Na yale maneno ya kwenye foleni?"

"Yangu pia. Ulikuwa utani."

Akatikisa kichwa, akavuta daftari, akaniambia nikae pale kwenye benchi. Nikakaa. Niliwekwa ndani siku tisa, nikatozwa na faini, wala sikulalamika hata siku moja. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Justa, benchi moja, Kija mapajani kwake anarambaramba kikombe. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, anipige kofi, anivute nywele mbele ya watu wote, ningemshukuru.

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananishangaa tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka tumeonana wapi.

"Dada Bernadeta," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ile nilipokuja na kikombe. Kumbe ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, Mama Kija," nikamjibu.

Akamhamishia Kija upande wa pili wa mapaja yake, mbali na mimi.